Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mji Mkongwe, Bagamoyo

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Ada na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema la nyumba, maana ndilo lililoishughulisha kamati mwaka mzima.

Mji huu umezoea wageni: watu wa misafara, Wahindi wa maduka, Wajerumani waliokuwa na makao makuu yao hapa hadi 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam. Wa leo, wanaonunua nyumba zetu, wanatoka hukohuko Dar, Ijumaa wanaingia, Jumapili wanaondoka. Hatuna ugomvi nao, na wapo wanaotuchangia vizuri. Ila nyumba inayofungwa siku tano haitoi mtoto wa madrasa wala mtu wa kubeba jeneza.

Tunapenda kusema wametununua. Nasema tumeuza sisi, tena ovyo. Mzee anafariki, mirathi haifunguliwi, warithi wametawanyika. Dalali anamtafuta mmoja mwenye shida, anamsainisha, na shangazi aliyekuwa akiishi ndani anasikia habari kwa fundi aliyekuja kupima. Mashauri ya namna hii yametufikia, na wengine wameshahamia Nianjema kwa kodi.

Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema, kabla dalali hajabisha hodi. Na kina mama mjue: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Mke anaweza kuweka zuio.

La ukarabati. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, na chokaa huachia unyevu utoke. Mafundi wapya wanapiga saruji kwa sababu inang'aa haraka. Tumekagua ukuta mmoja upande wa pwani: plasta imebanduka kama ganda la mkate, nyuma yake jiwe limeloa chumvi na kichwa cha boriti kinamomonyoka ukikigusa kwa kidole. Hapo pesa imeliwa bure.

Milango nayo inang'olewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, pamoja na fremu yake. Ukiona unapakiwa kwenye gari, piga simu ofisi ya Mambo ya Kale siku hiyohiyo; kesho utakuwa umeshafika mbali.

Upandaji miti ulikwenda vizuri, sina la kuongeza.

Kamati inaomba kila mwenye nyumba ya urithi alete kwa katibu nakala za hati na barua ya usimamizi wa mirathi kabla ya Ramadhani.