Mtafiti wa zebaki aijue chupa kabla ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna tunavyowafunza watafiti wa sumu za mazingira na afya: wanafunzi wa uzamili, wa uzamivu, na wale wachache wanaoendelea na utafiti baada ya kupata shahada ya uzamivu. Nitashika mfano mmoja tu, zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, maana hapo kasoro ya mafunzo yetu inaonekana bila miwani.

Kasoro yenyewe ni hii. Mwanafunzi anaandaa dodoso, anapata kibali cha maadili, anakusanya chupa za mkojo, anazikabidhi maabara kisha anakaa kusubiri jedwali. Jedwali likija, analiingiza kwenye programu ya takwimu na kuanza kuandika tasnifu. Kati ya mkojo wa mchimbaji na namba iliyo kwenye jedwali kuna hatua nyingi ambazo hajawahi kuzigusa kwa mkono wake, na karibu kila moja inaweza kuipotosha namba hiyo. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi asiruhusiwe kwenda uwandani mpaka awe ameifuata sampuli mwenyewe, tangu chupa inapooshwa hadi namba inapotoka.

Tuanze na uamuzi wa kwanza kabisa: upime nini? Zebaki humwingia mtu kwa njia zaidi ya moja. Anayechoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki huvuta mvuke wa zebaki hiyo. Mvuke huo ukishaingia mwilini hubadilika, sehemu kubwa hukaa kwenye figo, na hutoka kwa mkojo. Mla samaki hupata methili-zebaki, aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki, na hiyo hujiandika kwenye nywele. Kwa hiyo mkojo ni wa mchomaji, nywele ni za mla samaki. Hata hivyo bado tunaona mapendekezo ya utafiti yanayotaka kupima nywele za wachomaji, kwa sababu nywele ni nyepesi kusafirisha na hazihitaji friji. Tatizo ni kwamba mvuke wa zebaki hunata kwenye nywele kwa nje, na hakuna uoshaji unaouondoa wote kwa uhakika. Namba itakuwa kubwa na gazeti litaichapisha, lakini haitasema ni kiasi gani kimeingia mwilini.

Na nywele nazo zina adabu yake. Hukatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, zikafungwa uzi upande wa ngozi ili ijulikane mwanzo na mwisho, kwa sababu sentimita 1 ni takriban mwezi 1 wa maisha ya mtu. Wanaume wengi hunyoa, wanawake wengi wamesuka na rasta. Isitoshe, mgeni anayeomba nywele zako ni mtu wa kuogopwa, na hofu hiyo haiondolewi na fomu ya ridhaa. Mwanafunzi afundishwe kueleza mbele ya watu nywele zinakwenda wapi, zinafanywa nini, na masalia yanateketezwaje.

Kuna pia sabuni na krimu za kujichubua. Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyejulikana kwa kazi yake kwa wagonjwa wa Minamata, mji ambao watu wake walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani, alipopima na wenzake nywele za watu wa maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, katika Tanzania na Kenya, baadhi ya viwango vya juu kabisa havikutoka mgodini wala ziwani. Vilitoka kwenye sabuni za kujichubua zenye zebaki. Dodoso lisilouliza sabuni na krimu, kwa majina yanayotumika dukani na kwa kuomba kuona kopo lenyewe, litamtwisha mgodi mzigo usio wake.

Sasa chupa. Chupa ya plastiki hulowekwa usiku kucha kwenye tindikali ya nitriki ya asilimia 10, ikasuuzwa mara tatu kwa maji safi ya maabara, ikakaushwa ikiwa imefunikwa dhidi ya vumbi. Mvuke wa zebaki hupenya baadhi ya plastiki, kwa hiyo katoni ya chupa tupu haikai usiku kwenye chumba kinamouzwa zebaki, wala haipandi gari moja na kopo la zebaki. Mkojo uchukuliwe nyumbani alfajiri, mtu akiwa amenawa mikono na kuvua nguo za kazi. Mwaloni (nasema mwalo wa kuchenjulia, si wa wavuvi) punje moja ya vumbi la marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ikidondoka ndani ya chupa imetosha kuharibu siku nzima. Na kwa kila chupa 20 za watu, moja ijazwe maji safi, ifunguliwe na kufungwa palepale, isafiri na zenzake. Hiyo sampuli tupu ndiyo shahidi. Ikirudi na zebaki, tatizo ni la mtafiti na vifaa vyake.

Kosa la pili la chupa ni la kimyakimya: zebaki kupungua. Hunata kwenye kuta za plastiki, na bakteria walio kwenye mkojo uliokaa joto huigeuza kuwa mvuke unaotoroka. Kihifadhi kilichoagizwa na maabara kiwemo mapema, na boksi la barafu liwe na kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa, si kuguswa kwa kiganja. Mwanafunzi anayeletewa namba ndogo hufurahi kwamba watu wako salama, kumbe sumu ilibaki kwenye plastiki.

Halafu kuna jambo la mkojo mzito na mwepesi. Mchimbaji anayeshinda shimoni bila maji ya kunywa hutoa mkojo mzito; mwenzake aliyekunywa lita mbili hutoa maji matupu. Ndiyo maana tunapima pia kreatinini, taka ya misuli inayoonyesha uzito wa mkojo, tukagawanya zebaki kwa hiyo. Chukua watu wawili. Wa kwanza ana mikrogramu 30 za zebaki kwa lita, na kreatinini gramu 2.5 kwa lita: ukigawanya ni mikrogramu 12 kwa gramu ya kreatinini. Wa pili ana 12 kwa lita, na kreatinini gramu 0.4: hiyo ni 30. Wamebadilishana nafasi! Kwa viwango vya Ujerumani vinavyotumika sana katika kazi hii, 5 kwa gramu ni mwanzo wa kufuatilia na 20 ni mwanzo wa kuchukua hatua. Yule uliyetaka kumwacha aende zake ndiye aliyetakiwa kubaki. Na kreatinini ikiwa chini ya gramu 0.3 au juu ya 3 kwa lita, usigawanye chochote. Rudi ukaombe mkojo mwingine.

Kwenye mashine ya mvuke baridi, kloridi ya bati huigeuza zebaki kuwa mvuke, mvuke hupitishwa mbele ya taa, na mashine husoma ni mwanga kiasi gani umemezwa. Ni rahisi kueleza, na ni rahisi kukosea. Sampuli yenye zebaki nyingi huacha masalia kwenye mirija, inayofuata ikasomeka kubwa bila sababu. Kwa hiyo kila baada ya sampuli 10 weka tupu moja na moja ya rejea yenye kiasi kinachojulikana. Rejea ikitoka nje ya asilimia 90 hadi 110, zile 10 zinarudiwa zote. Wanafunzi huandika sifuri pale mashine isipoona kitu. Sifuri hiyo si kweli. Kuna kikomo cha chini cha mashine, kinachopatikana kwa kupima tupu zisizopungua 10 na kuzidisha mkengeuko sanifu wa majibu yake (kipimo cha namna yanavyotofautiana) mara 3. Chini ya hapo huandikwa “chini ya kikomo”, na walio chini ya kikomo wakiwa zaidi ya nusu ya washiriki, wastani usitajwe.

Muda nao una hesabu yake. Zebaki iliyovutwa hupungua mwilini kwa takriban nusu kila miezi miwili. Ukipima watu ambao mvua imewasimamisha kazi miezi minne, umekuta robo ya kilichokuwapo. Lakini ratiba ya uzamili hufuata mihula, si mvua, na kibali kikichelewa mwanafunzi huenda uwandani pale tu anapopata nafasi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka nchi yenye wachimbaji wadogo wa dhahabu iwe na mpango wa kitaifa wenye mkakati wa afya ya wachimbaji na jamii zao. Namba za kuujaza mpango huo zitatoka kwa vijana hawa. Ndiyo maana nawasihi wakuu wa vyuo watenge nafasi za miaka miwili au mitatu kwa watafiti waliomaliza uzamivu, kazi yao ya kwanza ikiwa kulinda ubora wa vipimo: kutunza daftari la sampuli tupu, kuwasimamia wanafunzi mbele ya mashine, na kuiingiza maabara kwenye mpango wa kulinganisha maabara kama ule unaoendeshwa kutoka Erlangen, Ujerumani. Kwa sasa anayerudi na uzamivu hupewa madarasa makubwa ya shahada ya kwanza wiki ileile. Na bajeti itaje gesi, taa, mirija na kemikali kwa majina yake. Mashine hununuliwa na mradi. Mradi ukiisha, gesi inakosa mnunuzi.

Jambo la mwisho ni majibu. Kila aliyetoa mkojo apewe karatasi yake, kwa Kiswahili, kabla tasnifu haijawasilishwa, na fedha za safari hiyo ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Aliyevuka 20 apimwe tena ndani ya wiki chache, aache kuchoma, aonwe na daktari na figo zake ziangaliwe. Dawa ya kutoa zebaki mwilini ni uamuzi wa daktari, si wa mwanafunzi. Karatasi hiyo iseme pia kwa herufi kubwa: dhahabu isichomewe ndani ya nyumba, watoto na wajawazito wakae mbali, na kaangio lililochomea dhahabu lisirudi jikoni.

Wako,
Mkufunzi wa vipimo vya sumu za mazingira,
Mwanza