Taya limetoka tena

Kariobangi, Nairobi

Kwako Akinyi,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, mtoto amerudi shule, na Mama Brayo bado anakuulizia. Usidhani nimekununia. Ulipopiga simu Jumapili nilikusikia unavyoita "haloo, haloo", nikashindwa hata kukujibu kwamba nipo. Taya lilikuwa limetoka tena.

Miayo tu, Akinyi! Alfajiri, ndani ya matatu. Mdomo ukabaki wazi, mate yanatiririka, watu wananikodolea macho. Mama mmoja akanifunika kwa leso yake, Mungu ambariki. Hii ni mara ya sita tangu Januari. Hospitalini daktari aliweka vidole gumba juu ya magego ya chini, akasukuma chini halafu nyuma, likaingia. Machozi yalinitoka.

Lakini safari hii hakunipa dawa ya maumivu tu na kuniaga. Alinionyesha: kichwa cha mfupa wa taya hukaa kishimoni mbele ya sikio, na mbele yake kuna kinundu. Changu kinavuka kinundu, misuli inakaza, kurudi hakiwezi. Mfuko unaoshika kiungo umelegea kwa kuteguka mara kwa mara. Mimi nikajua sasa ni kisu. Akasema kabla ya kisu kuna sindano ya damu yangu mwenyewe! Ganzi kwanza, kiungo kioshwe kwa maji ya chumvi, damu ichotwe mkononi: karibu mililita 2 ndani ya kiungo, 1 kando ya mfuko wake, kila upande, upesi kabla haijaganda. Ikiganda humo inaleta uvimbe, kisha kovu linalokaza palipolegea. Si jambo la jana, Mjerumani Brachmann aliandika habari zake mwaka wa 1964. Wengine hurudia sindano mara ya pili. Sijalala vizuri tangu hapo, naiwaza hiyo damu. Kovu likikaza kupita kiasi je? Alisema mdomo utafunguka kidogo kuliko zamani, lakini kula nitakula.

Kazi iko baada ya sindano. Wiki mbili bandeji kichwani mpaka kidevuni, uji, mchuzi, na mdomo utulie, la sivyo kovu halitashika. Na soko la Gikomba unalijua: usipoita, mteja anapita. Beli ya sweta za watoto nimeshalipia, na baridi ya Julai ndiyo hii. Kumwachia jirani... hapana, yaliyotokea mwaka jana unayakumbuka.

Ndiyo nakuomba wewe. Sauti yako naijua, na hesabu zako naziamini. Utaweza kuja kabla ya tarehe 14? Mama atakuruhusu, au nimwandikie mwenyewe? Nauli nikutumie leo? Na yule binamu yako aliyedungwa sindano ya goti, iliuma? Alikaa siku ngapi kabla ya kurudi kazini? Nijibu kwa ujumbe, simu sitaweza kuongea.

Wako,
Wanjiru