Chanjo ya ndigana inataka ndama 40, mimi nina wawili

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilimfukia mtamba wangu nyuma ya banda, na mimba yake ya miezi minne. Alianza kuvimba tezi chini ya masikio, homa ikapanda, siku ya tano anakoroma na povu linamtoka puani. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Sindano ya tiba alichomwa, ila tulishachelewa.

Nilijidanganya kwamba ng'ombe wa kisasa asiyetoka bandani hapati ndigana. Kumbe kiangazi hiki nilinunua majani ya tambarare, kule mifugo ya kila mtu inakopita, na kupe wakaja humo humo.

Chanjo ipo, na mkoani kwetu Arusha si ngeni. Wafugaji wa Monduli wanachanja ndama wao miaka mingi sasa, na wenye hereni ya chanjo mnadani hawakosi wanunuzi. Tena ng'ombe huchanjwa mara moja tu. Tatizo ni kwamba mrija mmoja una dozi 40. Ndani mna vijidudu hai vya ndigana vilivyogandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na ukishayeyushwa haurudishwi. Lazima uishe siku hiyohiyo. Mwenye boma la ndama mia hilo halimsumbui.

Mtaalamu aliniambia, wala si kwa ubaya, "Mama, kusanya arobaini ndipo nije." Basi mwalimu mstaafu nikachukua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba kama naandikisha darasa la kwanza. Jirani mmoja anasema anaogesha ng'ombe wake kwa dawa ya kupe, inatosha. (Kuogesha hata mimi sijaacha.) Mwingine anaogopa sindano yenye ugonjwa wenyewe ndani; nikamweleza kwamba siku hiyohiyo ndama huchomwa na antibiotiki ili ugonjwa usimlemee. Akanijibu, "Anza wewe Mwalimu, tuone wako kama watapona." Lakini wangu peke yao ndio hawawezi kuanza!

Naiomba halmashauri yetu ya Meru ipangie kila kata siku ya chanjo inayojulikana, na itangaze pale tunapopeleka maziwa alfajiri, maana hapo ndipo sisi wa ng'ombe mmoja mmoja tunapokutana. Kulipia tutalipia, kila mtu na ndama wake.

Daftari langu lina ndama 23, pamoja na hao wangu wawili. Natafuta 17.

Mwalimu mstaafu,
Arumeru