Mtandao upi, Voda au Airtel?

Ndugu Mhariri,

Kila nikisikia redioni kwamba chuo cha hapa nchini kimetiliana saini na chuo cha nje wachunguze teknolojia ya kidijitali inavyoibadilisha jamii, nacheka kidogo. Jamii yenyewe ndiyo mimi. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mwaka wa 14 huu, na nimeshachunguzwa.

Walikuja vijana wawili na mzungu mmoja, wana vishikwambi. Adabu wanayo, shikamoo kila meza. Swali la nne au la tano: "Mama, kwa wiki unatumia mtandao mara ngapi?" Nikajibu situmii. Kijana akabonyeza, akasonga mbele. Wakati huohuo simu iko mapajani inalia WhatsApp: mteja wangu wa Lubumbashi anataka picha ya dagaa wa chanja, walioanikwa juu bila kugusa mchanga, tena niwamimine kiganjani aone hawana mchanga. Mwenzangu wa meza ya pili naye akasema hatumii. Wa tatu akauliza, "Mtandao upi, Voda au Airtel?" Kwetu mtandao ni laini ya simu. Mtandao ukisumbua, maana yake hela haijaingia. Kama huko chuoni wameandika kwamba wanawake wa Mwaloni hatumo kwenye intaneti, wameandika uongo, na tuliowapa ni sisi.

Ya maana hawakuyauliza. Zamani boti ya Ukerewe ikitia nanga, mwenye mzigo hajui bei ya siku. Tulikuwa tunampangia (sisemi ilikuwa haki). Siku hizi kabla hajapakia ameshawapigia watu watatu. Sasa ile faida iliyotutoka imekwenda kwa mvuvi, au imeishia kwa dalali mwenye simu mbili? Mimi ningependa kujua.

Halafu kuna ule ujumbe wa matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii". Jirani yangu alituma 180,000, hela ya mzigo wa mtu, kwa kuwa kweli siku hiyo alikuwa anasubiri kutumiwa namba. Aliilipa kwa miezi miwili, gunia kwa gunia.

Na fomu tuliyosaini ilikuwa ya Kiingereza. Jina langu na namba ya simu vimo humo. Binti yangu ndiye aliyenisomea baadaye kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Niliambiwa tu, "Weka hapa, mama."

Sina ugomvi nao. Majibu yapo mahali fulani, wayalete, kwa Kiswahili. Ila waje baada ya saa tano, malori ya Dar yakishapakia. Kabla ya hapo hatusikilizani. Magunia ya kukalia yapo.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza