Risala ya Klabu ya Uchoraji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha, Tunduru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Shikamooni. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu. Tunafahamu kuwa huu ni msimu wa minada ya korosho na ofisi yako haipumui. Kuacha minada ukaja kutazama picha za wanafunzi ni heshima ambayo hatukuitegemea, na tunaomba uamini kuwa hatutakupotezea muda.

Klabu yetu ilianza kwa penseli na kurasa za nyuma za madaftari yaliyokwisha. Leo ina wanachama wa kidato cha kwanza hadi cha nne, wasichana wengi kuliko wavulana, na picha unazoziona kwenye kuta za bwalo hili ndizo kazi zao. Mada tuliyojipa ni rangi, utamaduni na furaha. Tangu tulipoanza kuzitundika juzi, karibu kila mtu mzima aliyepita hapa ameuliza swali moja: "Tembo wa bluu mmemwona wapi?" Wengine wameuliza kwa utani, wengine kwa masikitiko kabisa. Risala hii, Mheshimiwa, kwa sehemu kubwa ni jibu la swali hilo.

Jibu lenyewe linaanzia kwenye barabara hii hii ya kwenda Masasi. Ukifika Nakapanya umefika nyumbani kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika kijiji kilichoitwa Namochelia. Baba yake alikuwa Mngindo, mama yake Mmakua. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya vibarua vya kila namna, vikiwemo vya bustani kwenye nyumba za watu. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Hela ya rangi za kichoraji hakuwa nayo. Alichukua rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli, akatafuta vipande vya hadibodi, akapiga brashi. Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores.

Tunaomba tukae kidogo kwenye rangi hiyo ya baiskeli, maana watu hutaja jina la mchoraji wakaipita. Rangi ile inang'aa sana na haikauki upesi. Ukiipakia juu ya nyingine mbichi zinavurugana, unapata tope. Kwa hiyo mchoraji hana budi kupaka nyuma kote kwanza, asubiri. Ndipo mnyama anakuja, asubiri tena. Kisha madoa, moja moja, na mwisho mstari unaouzunguka mwili wote ili mnyama atoke mbele. Rangi safi, mipaka iliyo wazi, madoa yanayocheza: mtindo tunaouona leo kwenye viwanja vya ndege ulizaliwa na kopo la bei ndogo mikononi mwa mtu mwenye subira. Tumeujaribu wenyewe kwenye hadibodi na tunathibitisha kuwa asiye na subira anaishia na tope.

Na wanyama wake hawakuwa wa kitabu cha baiolojia. Alikuwa mtoto wa Tunduru, tembo na chui aliwajua kwa hadithi za jioni na kwa hofu ya njia ya shambani. Chui wa hadithi hana rangi moja. Akiwa na njaa ana yake, akiwa mjanja ana nyingine. Hapo ndipo tembo wa bluu alipotoka, Mheshimiwa. Mchoraji anapompaka tembo bluu anajua fika kuwa tembo ni wa kijivu. Anakuambia jambo jingine juu ya tembo huyo, na ukimtazama vizuri utalipata.

Tingatinga alifundisha ndugu zake na vijana wa kwao: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kufundishana, na mwaka 1990 wakaunda ushirika ambao hadi leo una makao pale pale Oysterbay. Ndani ya kundi hilo walitoka watu wa kila namna. Marehemu David Mzuguno alichora misitu iliyojaa ndege na majani hadi huoni pa kuweka kidole. Marehemu Mohamed Charinda alichora visa: watumwa wakiwa kwenye minyororo, ngoma za kijijini, waganga na wagonjwa wao, vyote kwa rangi zile zile zinazong'aa.

Hata hivyo, Mheshimiwa, hatukuja kusifu tu. Picha nyingi zinazouzwa leo kwa jina la Tingatinga zinafanana kama noti: twiga watatu, jua linazama, Mlima Kilimanjaro nyuma. Mteja anataka hiyo, mchoraji ana watoto wa kusomesha, hatumlaumu. Lakini ndani ya klabu tumekubaliana kuwa twiga wa kunakili haingii kwenye maonyesho yetu. Utakayemwona leo ni mmoja tu, na amepanda bodaboda.

Mwingine tuliyejifunza kwake ni George Lilanga, Mmakonde wa huku huku kusini, aliyezaliwa mwaka 1934. Alianzia kwenye kuchonga. Miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, akiwa mlinzi, na humo akageuka kuwa mmoja wa wasanii wake wakubwa. Alichukua mashetani wa vinyago vya Kimakonde, wale ambao bibi zetu huwataja kwa sauti ya chini, akawapaka waridi, njano na kijani, akawapa masikio mapana na matumbo mbele, akawaweka wakipika, wakicheza ngoma, wakigombana, wakibeba maji. Ukitazama unacheka, kisha unagundua kuwa wanafanya mambo ya mtaani kwenu. Kisukari kilimsumbua kwa miaka, hata kikamnyang'anya miguu, naye akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2005. Mtu anayesema rangi kali ni za mtu asiye na shida, tunamwomba atazame kazi za Lilanga za miaka hiyo ya mwisho.

Nje ya mipaka tumewasoma wachache. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga baada ya baba yake kufariki. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Kanga zimo katika kazi zake hadi leo. Mwaka 2004 alitengeneza watu 100 wa mbao, wenye kimo cha binadamu, waliopakwa rangi za sherehe: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wafunza mbwa. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, na kila mmoja ana jina lake la kwao na jina alilobandikwa na bwana wake. Unaingia ukumbini ukidhani ni harusi. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Tunaitaja miaka yake kwa makusudi, maana wapo wazazi wanaotuuliza matokeo kila muhula.

Thandiwe Muriu wa Kenya yeye ni mpigapicha. Humvisha mwanamke kitenge, humsimamisha mbele ya kitenge kile kile, mpaka mwili unamezwa na maua na kinachobaki ni uso, msuko wa nywele na miwani iliyoundwa kwa vitu vya nyumbani. Kila picha huambatana na methali. Wasichana wa klabu walibishana sana juu ya picha hizi. Wengine waliona zinasema mwanamke amefichwa na mila. Wengine wakasema hapana, yeye ndiye anayetamba kiasi kwamba kitenge chote ni chake. Mwalimu mlezi alitaka kuukata ubishi ule, tukamwomba auache, na matunda yake ni picha tatu za ukuta wa kushoto.

Yupo pia Bibi Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935, anayechora nakshi za Wandebele kwa unyoya wa kuku. Alifundishwa na mama na bibi yake kwenye kuta za nyumba, na mwaka 1991 alipaka nakshi hizo kwenye gari la BMW. Tulipoishiwa brashi tulimkumbuka, na kuku wa jirani wa shule wanaweza kutoa ushahidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi hapa Tunduru hatukosi rangi. Wilaya hii inafahamika kwa vito. Dalali wa vito akiinua jiwe juani, bei inapanda au kushuka kwa tofauti ya bluu na bluu ambayo mimi na wewe hatuioni. Picha haina tofauti na jiwe hilo: jicho lisilofundishwa huona kokoto. Msimu wa mabibo mashamba yetu yanakuwa mekundu na njano hadi ardhini. Wakati wa jando na unyago, kina mama wanatoka na kanga za sare, na hakuna anayeuliza kwa nini wamevaa rangi zote hizo. Tumechora hayo. Mwenzetu wa kidato cha tatu amechora madalali wakibishana juu ya jiwe moja dogo, nyuso zao akazipaka rangi ya jiwe lenyewe. Mwingine amemchora bibi yake, Mmakua mwenye chale usoni. Bibi huyo alikuwa akijitanda kanga hadi puani kila anapopigwa picha. Mjukuu amezipaka chale hizo rangi ya dhahabu, picha imekaa pale katikati, na bibi mwenyewe yupo kwenye safu ya pili. Hajajitanda.

Tukirudi kwenye hali ya klabu, tunazo changamoto na hatutazizungusha.

Kwanza, hatuna mwalimu wa somo la sanaa. Anayetulea ni mwalimu wa jiografia, anatusaidia kwa moyo wake, na ramani zetu zimekuwa nzuri mno, lakini anayetaka kufanya mtihani wa taifa wa sanaa hawezi. Tunaomba jambo hili ulifikishe panapohusika.

Vifaa ndilo kubwa. Rangi tunazotumia ni mabaki ya makopo kutoka kwa mafundi wa nyumba na fundi baiskeli wa sokoni, ambaye tunamshukuru sana hapa mbele ya watu. Ndiyo maana, kama utakavyoona, klabu nzima imechora mbingu ya kijani mwezi uliopita. Tunaomba rangi za mafuta za msingi, yaani nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi, brashi za ukubwa tofauti, hadibodi na mafuta ya taa ya kuoshea brashi. Nyingine tutazichanganya wenyewe.

Tuna shida ya mahali pa kukaushia kazi. Bwalo ni la chakula, na picha mbichi na maharage haviendani. Stoo ya zamani iliyo nyuma ya maktaba ingetutosha ikiwekwa bati jipya.

Ombi la mwisho halihitaji fedha nyingi. Ukuta wa stendi unaoelekea barabara ya Masasi una nafasi. Tunaomba kibali cha kuupaka picha za hadithi za Wayao, Wamakua na Wangindo, na pembeni picha ya Edward Saidi Tingatinga, ili abiria anayepita ajue huyu mtu alitokea wapi. Michoro ya awali tumeiandaa, ipo mezani kwako kwenye bahasha.

Kwa wazazi, tunajua mnajiuliza mtoto atakula nini. Swali ni la haki. Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1991, aliacha kazi ya benki mwaka 2018 akashika brashi. Huchora wanawake weusi ambao nguo zao na kila kilicho nyuma yao ni cheupe kitupu, ngozi tu ndiyo yenye rangi, na kazi zake zimevuka bahari. Hatuwaahidi kuwa sote tutafika huko. Wengine tutakuwa waalimu wa sanaa, wengine tutaandika mabango ya maduka, wengine tutaomba nafasi TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, na wengine tutalima korosho na kuchora jioni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba kwa heshima ukate utepe na utembee nasi kuanzia ukuta wa kulia. Wachoraji wamesimama kando ya picha zao, tayari kwa maswali yako, hata lile la tembo. Tahadhari moja tu: picha ya madalali haijakauka sawasawa, tafadhali usiiguse kwa mkono wa shati jeupe.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Uchoraji na kusomwa kwa niaba yao na Katibu wa Klabu.