Kwa Saida, kuhusu Mkurugenzi wa Makumbusho ya Athens

Rafiki yangu Saida,

Pokea salamu zangu za dhati. Uliniuliza ni mwanaakiolojia gani ninayemheshimu kuliko wote, nami nakutajia Christos Karouzos, Mgiriki aliyezaliwa Amfissa mwaka 1900, akawa mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Athens tangu 1942 hadi 1964.

Wengi husifiwa kwa walichofukua. Yeye nampenda pia kwa alichosaidia kufukia. Italia ilipoivamia Ugiriki tarehe 28 Oktoba 1940, watumishi wa makumbusho, yeye na mkewe Semni wakiwemo, walichimba mashimo chini ya sakafu za kumbi, wakazishusha humo sanamu za marumaru na kuzifunika kwa mchanga, huku vyombo vya udongo vikifungwa katika makasha na dhahabu ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, ikihifadhiwa Benki ya Ugiriki. Wajerumani walipoingia Athens tarehe 27 Aprili 1941, walikuta kumbi tupu. Mwaka huohuo mume na mke wakajitoa katika Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani, ingawa Ujerumani ndiko walikopata sehemu ya elimu yao. Semni, usimhesabu kuwa mke tu: yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika idara ya mambo ya kale ya Ugiriki, mwaka 1921, na alikuwa bingwa wa vyombo vya kale vilivyochorwa.

Wasimulizi wengi huishia kwenye mashimo yale, nami naona wanaiacha kazi iliyo ngumu zaidi. Baada ya vita ilibidi kila kitu kitolewe, kisafishwe, kisha iamuliwe sanamu ipi isimame karibu na ipi, ili mgeni anayepita aone kwa macho yake jinsi wachongaji walivyotoka kwenye miili iliyokakamaa wakafikia miili inayoelekea kutembea. Kazi hiyo iliendelea hadi Karouzos alipostaafu, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Katikati ya shughuli hizo, mwaka 1961, alitoa kitabu kizima juu ya sanamu moja tu, Aristodikos, kijana wa marumaru aliyechongwa karibu mwaka 500 Kabla ya Kristo, ambaye mikono yake imekunjwa kwenye viwiko na kuachana na mwili. Uvumilivu wa namna hiyo, wa kukitazama kitu kimoja mpaka kikueleze zama zake, ndio unaonivuta kwake.

Ukijaliwa kufika Athens, anzia kwa Aristodikos, kisha ndipo uende kwenye dhahabu.

Wako akupendaye,
Hamisi