YAH: MALALAMIKO KUHUSU SPANA YA MENO MANNE, NA NAMNA NILIVYOTENDEWA KAUNTA KWENU

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea vizuri. Nakuandikia kwa heshima zote. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana mwenyewe kwa sababu heshima ilikuwa imepungua.

Masharti ya karakana yenu mnayajua, mmeyabandika ukutani juu ya kichwa cha keshia: kazi yenye kasoro inarudiwa bure ndani ya siku 7. Risiti yangu ni ya shilingi 45,000, tarehe 18 Julai. Tarehe 19, Jumamosi, nikarudi na spana mliyonichongea imeharibika. Msimamizi wa zamu akaitazama, akaigonga kaunta mara mbili, akasema, "Chuma ni chuma, babu. Hapa tatizo ni mkono." Kisha akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mteja wangu amesimama pembeni anatazama.

Nilichoagiza hakikuwa cha ajabu. Ni spana ya kufungulia ile nati ya duara inayoshika kichujio cha oili kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, jirani na klachi, katika injini za pikipiki za CG. Injini hii Honda waliitoa mwaka 1976 na leo inatengenezwa China kwa majina chungu nzima, bodaboda zake zinapita mbele ya geti lenu kutwa. Nati yenyewe haina pembe sita, ina mifereji minne tu, kwa hiyo spana ya kawaida haina pa kushika. Ninayo ya dukani, lakini nati niliyokuwa nayo mbele yangu ilishapigwa tindo na fundi aliyenitangulia, Mungu amsamehe, mpaka midomo ya mifereji miwili imetawanyika. Nati kama hiyo ukiiwekea spana inayocheza, unaimalizia. Inataka spana iliyochongwa kwa ajili yake, inayoingia kwa kubana.

Ndiyo maana nikaja kwenu na si kwa fundi wa chini ya mwembe. Niliwaletea nati nyingine ya mfano, nzima, ya kunakili tu. Niliwachorea kwenye karatasi ya daftari na vipimo juu yake. Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba ichongwe kwa kipande cha shafti, chuma kigumu, naye akaandika kwenye fomu nikimwona. Mkaniambia Jumatano. Ikawa Ijumaa. Sikusema kitu.

Mlinichongea bomba la maji.

Ijumaa sikulijua hilo kwa sababu mlilipaka rangi nyeusi likapendeza. Saa nane mchana nikafungua kava, nikatoa kifuniko cha kichujio, nikabana meno ya gia kwa kipande cha shaba ili krenki isizunguke, nikaingiza spana. Ilikaa. Kusema kweli hata nilifurahi. Nikaweka mpini, nikaanza kuvuta taratibu. Sikupiga nyundo, na narudia, sikupiga nyundo. Nikahisi inaachia, nikajua nati imekubali. Kumbe ni meno yenu. Matatu yamelala kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa, la nne limekatika likatumbukia ndani ya injini. Nililitafuta kwa sumaku saa nzima. Na yalipoteleza yaliondoka na midomo ya mifereji iliyokuwa bado nzima.

Hapo rangi ikawa imebanduka na zinki, ile wanayopakwa mabomba ya maji, inang'aa chini yake. Nikachukua tupa. Chuma kigumu tupa huteleza juu yake, inalia tu. Hicho cha kwenu tupa ilikila kama inakula sabuni ya mche.

Naomba nirudi kwenye Jumamosi, maana pale juu nimepita haraka na jambo lenyewe si la kupita haraka. Nilifika saa tatu na nusu asubuhi. Mteja wangu nilimleta mwenyewe, alishaanza kunitilia shaka, nikataka asikie kwa masikio yake kwamba kosa si langu. Kijana wenu akatoka ndani na spika za simu masikioni. Shikamoo hakunipa. Ni rika la kitinda mimba wangu, lakini hilo nililimeza. Nikamweleza yote, ya shafti, ya fomu, ya zinki. Akatoa spika ya sikio moja tu. Akaichukua spana, akaigonga kaunta, ko, ko. "Chuma ni chuma, babu. Hapa tatizo ni mkono." Akairusha. Hakuiweka, aliirusha, hatua tatu nzima, ikaingia kwenye ndoo, na vijana wawili wa leth, ile mashine ya kuchongea vyuma, wakampigia makofi kama amefunga goli. Dada wa mapokezi akainamisha uso. Yeye peke yake ndiye aliyeona aibu.

Mimi nikaenda kuinama kwenye ile ndoo. Nikapekua vinyuzi vya chuma kwa mkono mtupu mpaka nikaitoa, kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Kidole cha shahada kikachanika, bado nimekifunga kitambaa ninapoandika. Na nikiwa nimeinama nikasikia mteja wangu naye anacheka.

Ndugu Meneja, nimefungua injini kwa miaka 31. Nimewafundisha kazi vijana ambao leo wana gereji zao. Sijawahi kuitwa babu na mtu ninayemdai heshima ya fundi.

Jumapili nikaitengeneza mwenyewe. Naeleza ili vijana wenu wapate faida. Nilichukua soketi kuukuu ambayo mdomo wake unalingana na ile nati, nikaipaka chaki, nikaiweka nati juu yake na kuchora mifereji kwa ncha ya msumari. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaondoa kwa grenda kila kisichokuwa jino. Nachovya kwenye maji kila nikihesabu tano, maana chuma cha namna hiyo kikishageuka bluu ugumu wake umekwenda. Kumalizia nikatumia jiwe la kunolea, kwa kuwa tupa haikushika, na hapo ndipo fundi anapojua ameshika chuma. Kila jino nikalijaribu kwenye mfereji wake, nikipunguza kidogo, nikijaribu tena. Nati yenyewe nikaisafisha midomo kwa kitupa chembamba. Jioni ikaachia kwa mlio mmoja, kama kizibo cha soda. Gharama yake ni diski moja ya grenda na ibada niliyoikosa.

Mkono ulikuwa ule ule. Tatizo halikuwa mkono.

Lakini Jumatatu asubuhi mteja wangu alikuja akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, nati ikiwa nimeshailegeza mimi. Nilivyoambiwa, yule fundi alimaliza kazi kwa robo saa na sasa anasifiwa kijiwe kizima.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai elfu 45 yangu, basi. Nimefika hapa nikaona haitoshi. Mtanirudishia 45,000. Mtalipa na nati mpya pamoja na kichujio, 12,000, kwa kuwa ile mmeimaliza ninyi. Mtalipa hesabu ya bodaboda ya siku tatu, elfu 10 kila siku, ambayo nilimtolea mteja wangu mfukoni mwangu ili tajiri wake asimnyang'anye pikipiki. Jumla ni 87,000. Kidole sijakihesabu.

Tena huyo msimamizi aje kijiweni kwangu Msamvu, aniombe radhi mbele ya wanafunzi wangu wanne. Simu sitaipokea na ujumbe wa maandishi sitausoma. Alinidhalilisha mbele za watu, na radhi iwe mbele za watu.

Nawapa siku 7, zile zile zenu za ukutani. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani na bomba lenu mkononi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na mtu aliyeuziwa bomba la maji kwa jina la shafti ni mlaji kama wengine. Risiti nimeipiga picha, meno nimeyapiga picha, zinki nimeipiga picha. Kundi letu la mafundi pikipiki tunaandikiana kila siku kwenye simu, na wengi wao spana zao wanachongesha kwenu. Mpaka sasa sijawatumia picha hata moja.

Hapana, siku 7 ni nyingi. Ninyi mlinihukumu kwa kugonga kaunta mara mbili. Nawapa siku 3, kuanzia leo Jumanne tarehe 22 Julai 2025, na baada ya Tume nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo, na huko kidole nacho kitahesabiwa.

Jambo la mwisho. Ile nati yangu ya mfano bado iko kwenu, kwenye kikopo cha bati pale dirishani, niliiona Jumamosi. Mnirudishie nayo. Ile ni nzima, isije ikatupwa kwenye ndoo.

Wenu katika ufundi,

Fundi pikipiki,
Msamvu, Morogoro.

Viambatanisho: Nakala ya risiti, picha 6.
(Spana yenyewe nabaki nayo.)